Mambo ya Nyumbani: Presha ya Maji Katika Boila

Wengi wenu mnao watoto, ndugu au wajukuu walioko ng'ambo, na hasa Uingereza, waliokwenda kwa ajili ya masomo au kazi ya uuguzi. Barua zao huuliza mambo mengi, na kila mwaka majira ya baridi yakaribiapo neno moja hurudi: boila imezimika, mshale wa geji umelala kwenye sifuri, tufanyeje? Neno hili si dogo. Kule mwezi wa Januari maji ya nje huganda usiku, na nyumba isiyo na joto haikaliki, hasa penye mtoto mchanga au mzee. Tena fundi aitwaye kwa haraka usiku wa Jumamosi hutoza fedha nyingi, na mara nyingine kazi yake ni ya dakika tano tu, ambayo mwenye nyumba angaliweza kuifanya mwenyewe. Kwa upande wa pili wako wanaogusa wasivyopaswa kuvigusa, nao hujitia hatarini. Basi mwezi huu twaeleza jambo hili kwa urefu, ili msomaji aliye huku ampelekee mwenzake aliye kule.

Kwanza mtambo wenyewe ulivyo. Jikoni, au ndani ya kabati, pana sanduku la chuma lililotundikwa ukutani. Hilo ndilo boila. Ndani yake gesi huwaka na kupasha maji moto. Pampu huyasukuma maji hayo katika mabomba yapitayo chini ya sakafu, yakafika kila chumba na kuingia katika mabamba ya chuma yaliyosimama kando ya ukuta. Mabamba hayo twayaita rejeta, kwa jina tulilolizoea katika magari, ingawa nia zake zatofautiana: rejeta ya gari hutupa joto lisilotakiwa, na hii ya nyumbani hutoa joto linalotafutwa. Maji yakiisha kupoa kidogo hurudi kwenye boila na kupashwa tena. Maji ni yale yale, mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka. Hayanywewi, hayaogewi, wala hayatoki kwenye bilula yo yote. Mtu akilifahamu neno hili moja ameshika nusu ya somo: maji hayo hayatumiki, basi hayana sababu ya kupungua. Yakipungua, yana mahali yalipopitia.

Sasa presha ni nini? Walimu wetu watakumbuka jaribio la kopo. Chukua kopo refu, litoboe matundu matatu upande mmoja, la juu, la kati na la chini, ulijaze maji. Utaona maji ya tundu la chini yakitoka kwa nguvu kuliko ya juu, maana yamelemewa na uzito wa maji yote yaliyo juu yake. Ndiyo sababu tangi la maji la shule huwekwa juu ya mnara. Mfaransa Blaise Pascal aliyachunguza sana mambo haya katika karne ya 17. Mwaka 1648 alimwomba shemeji yake, Florin Périer, apande mlima Puy de Dôme pamoja na zebaki katika bomba la kioo, ikaonekana kwamba hewa nayo hukandamiza, na kwamba huko juu hukandamiza kidogo kuliko bondeni. Tangu 1971 kipimo cha presha cha kimataifa chaitwa kwa jina lake. Lakini geji za boila za Ulaya huonyesha kipimo kingine, bari, ambacho usoni mwa geji huandikwa “bar”, nacho ni sawa na paskali 100,000. Kwa kazi ya nyumbani yatosha kukumbuka hivi: maji yaliyosimama wima kwa kimo cha mita 10 hukandamiza kwa bari 1 hivi.

Kutoka hapo kila mtu aweza kujifanyia hesabu ya nyumba yake. Kama boila iko chini, na rejeta ya juu kabisa iko mita 5 juu yake, basi yatakiwa bari 0.5 ili maji yafike tu. Tena lazima pawe na ziada kidogo, maji yafike kwa nguvu wala yasiruhusu hewa kujikusanya juu. Nyumba ya orofa tatu, ambayo rejeta yake ya juu iko mita 8 juu ya boila, yataka bari 0.8 kabla ya ziada. Ndipo tunapoona kwa nini vitabu vya boila za Uingereza husema presha iwe kati ya bari 1 na 1.5 mtambo ukiwa baridi. Hiyo si namba ya kubahatisha. Imetokana na kimo cha nyumba za kawaida. Walakini kitabu cha boila yako kikisema namba nyingine, kifuate kitabu.

Wako wanaodhani kwamba presha ikipandishwa hata 2 au 2.5, nyumba itapata joto zaidi, au maji ya kuogea yatatoka kwa nguvu. Hawakufahamu. Joto hutoka kwa moto, si kwa presha, na maji ya kuogea hupita njia yake mbali. Presha ikiisha kutosha imetosha, na kuizidisha ni kuyachosha maungio bure.

Neno la pili ni kuvimba kwa maji. Mama akijaza sufuria mpaka ukingoni na kuiweka motoni, maji humwagika hata kabla ya kuchemka, kwa kuwa yakipata joto huongezeka. Maji yakitoka joto la digrii 10 hadi 80 huongezeka kwa karibu sehemu 3 katika 100. Mtambo wenye lita 100 basi utakuwa na karibu lita 3 zinazotafuta mahali pa kwenda, na maji hayashindiliki kama pamba. Kwa hiyo mafundi wameweka tangi dogo la kupokea maji yanayovimba. Ndani yake pana ngozi ya mpira inayoligawa pande mbili: upande mmoja maji ya mtambo, upande wa pili hewa iliyotiwa kwa pampu. Maji yakivimba huisukuma ngozi, na hewa hujibana kama ibanavyo ndani ya mpira wa kuchezea. Yakipoa, hewa huyarudisha. Ndiyo maana mshale hupanda moto ukiwaka, ukafika 1.8 au 2, kisha hushuka. Hiyo si hitilafu. Yeye atakaye kujua hali ya mtambo wake na ausome mshale asubuhi kabla moto haujawashwa, wala asiusome jioni akaanza kuhangaika.

Tuje sasa kwenye kazi ya kujaza. Mshale ukishuka chini ya 1, na hasa ukifika 0.5 au chini yake, boila nyingi za sasa hujizima zenyewe, nazo hufanya hivyo kwa kujilinda zisiungue zikiwa na maji haba. Basi, zima boila, uiache ipoe. Chini yake, au karibu nayo, utaona mpira mfupi uliovikwa nyuzi za chuma, wenye vali ndogo katika kila ncha, unaounganisha bomba la maji ya mji na mabomba ya rejeta. Boila nyingine hazina mpira huo bali zina kishikio au ufunguo wake wa kujazia, na hapo kitabu chake ndicho mwalimu. Hakikisha mpira umekazwa pande zote mbili. Fungua vali moja yote, kisha ya pili polepole sana, huku macho yakiwa kwenye geji. Utasikia maji yakiingia kwa mvumo. Mshale ukifika 1.2, au 1.5 kwa nyumba ndefu, funga vali zote mbili, si moja tu, maana vali moja peke yake ikipitisha tone kwa tone utakuta asubuhi presha imepanda mno. Halafu uuondoe mpira ule wa muda na kukiweka kifuniko mahali pake. Sheria ya vifaa vya maji ya Uingereza ya mwaka 1999 yataka hivyo, nayo ina sababu njema: maji ya rejeta ni machafu, yenye kutu na dawa, na mpira ukiachwa umeunganishwa, siku presha ya mji ikianguka yaweza kurudi nyuma kuelekea maji ya kunywa. Weka ndoo au kitambaa chini unapoufungua. Kisha washa boila.

Mara nyingine presha ni njema lakini rejeta moja ina joto chini na baridi juu. Hapo hewa imejikusanya ndani. Zima moto, ngoja rejeta zipoe, chukua ule ufunguo mdogo wa mraba uuzwao katika maduka ya vifaa, uutie juu pembeni mwa rejeta, uzungushe nusu ya mzunguko, na kitambaa kiwe mkononi. Hewa itatoka ikilia. Maji yakianza kutoka, funga mara moja. Maji hayo huwa meusi, msishangae. Usiache moto uwashwao karibu, maana hewa hiyo yaweza kuwa na haidrojeni itokanayo na kutu ya chuma. Baada ya kazi hii itazame tena geji, kwa kuwa hewa iliyotoka imeacha nafasi, na mshale utakuwa umeshuka. Wengi husahau hapo, wakaamka asubuhi na nyumba baridi, wakadhani wameiharibu boila. Lakini rejeta ikiwa na joto juu na baridi chini, si hewa hiyo. Ni tope la kutu lililotuama, na ufunguo hautalitoa.

Sasa tumefika penye uzito. Kujaza mara moja au mbili kwa mwaka ni kawaida. Lakini nyumba inayojazwa kila wiki ina ugonjwa, na kujaza si dawa yake. Tunaijua nyumba moja ya jamaa zetu, mama muuguzi na mumewe na watoto watatu, waliojaza kila siku ya tatu tangu Oktoba hata Machi. Walifurahi kwamba wameijua kazi. Mwisho mbao za sakafu ya sebuleni zikaanza kulegea, maana ungio moja chini yake lilikuwa likivuja miezi yote hiyo, nalo lilikuwa dogo hata halikulowesha kitu mahali pa kuonekana. Tena hasara haikuwa sakafu tu. Maji mapya huja na oksijeni, na oksijeni hula chuma; kutu hufanyika tope jeusi, tope huziba njia nyembamba za boila na kuichosha pampu. Maji mapya pia huja na chokaa katika miji yenye maji magumu kama London. Na ile dawa ya kuzuia kutu ambayo fundi aliitia mtamboni huzimuliwa kila yanapoongezwa maji, mpaka haina kazi tena. Kwa hiyo maji ya zamani, ingawa ni meusi na ya kuchukiza, ni bora kuliko mapya.

Basi ukiona mshale unashuka mara kwa mara, shika kitambaa kikavu na kurunzi, uzunguke nyumba yote. Pitisha kitambaa chini ya kila vali ya rejeta na kila ungio linaloonekana. Shaba inayovuja huota ukoko wa kijani, chuma huacha alama ya kahawia. Tazama dari ya chumba kilicho chini ya bafu. Usipoona kitu, toka nje.

Nje, nyuma ya ukuta wa boila, utaona kibomba cha shaba kilichopindwa kuuelekea ukuta au ardhi. Hicho ni mlango wa vali ya usalama. Presha ikifika bari 3 vali hufunguka yenyewe, na maji hutoka hapo yasipasue mtambo. Kikiwa kikavu, vema. Kikidondoka, kuna sababu mbili za kawaida: ama vali imeingiwa na uchafu haifungi vizuri, ama lile tangi dogo limepoteza hewa yake. Ugonjwa wa tangi una dalili ambazo mtu akiisha kuzijua hazimpotei. Asubuhi mshale uko 1. Moto ukiwaka unapanda mbio hata karibu na 3, kwa kuwa maji yamevimba wala hakuna hewa ya kubanwa. Maji humwagika nje. Moto ukizimwa mshale huanguka hata sifuri. Mwenye nyumba hujaza, na kesho yake ni yale yale. Fundi hutoa maji ya mtambo kwanza, kisha hulipima tangi na kulitia hewa kwa pampu kama ya gari, kwa maana kidude chake cha kutilia hewa ni kama kile cha gurudumu la gari. Maji yakitoka katika kidude hicho, ngozi ya ndani imepasuka, na tangi lataka kubadilishwa.

Hapa twasema kwa nguvu. Kibomba kile cha nje kisizibwe kamwe, kwa kigingi, wala kwa kitambaa, wala kwa saruji, hata kama kinalowesha ukuta na jirani analalamika. Mtambo wenye moto usio na pa kutolea presha yake hupasuka, na maji ya moto hayachagui mtu. Mtu akitaka kujua kama kinadondoka usiku, na aning'inize mfuko mwepesi kwa ulegevu mdomoni pake, autazame asubuhi kisha auondoe. Wala asisimamishe mtoto hapo, maana maji yakitoka ghafula huunguza. Wasomaji wetu wa Nairobi na Arusha wenye mitungi ya umeme ya kuchemshia maji ya kuoga wajue kwamba mitungi yao nayo ina vali kama hiyo, na neno hili ni lao pia.

Presha ikizidi mtambo ukiwa baridi, yaani mshale umepita 2 hapana moto, mara nyingi aliyejaza hakufunga vali vizuri. Funga, kisha punguza maji kwa ufunguo wa rejeta, bakuli likiwa chini. Ikipanda tena yenyewe na mpira umeondolewa, maji ya mji yanapenya ndani ya boila, mwite fundi.

Kuhusu fundi: Uingereza, kazi yo yote ya gesi hufanywa na fundi aliyeandikwa katika daftari la Gas Safe, lililoanza mwaka 2009, na kila mmoja huchukua kitambulisho chenye picha. Mwombe akuonyeshe. Usimwonee haya kwa kuwa ni mkubwa au kwa kuwa ameletwa na rafiki. Kujaza maji na kutoa hewa ni kazi yako. Kulifungua sanduku la boila si kazi yako. Gesi ikiungua vibaya hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu usingizini. Weka king'ora chake chumbani mwenye boila.

Na kwa wapangaji, ambao ndio wengi wa jamaa zetu: katika Uingereza yenyewe, sheria ya mwaka 1985 yamtaka mwenye nyumba ya kupanga kwa muda mfupi aitunze mitambo ya joto na ya maji moto, na kanuni za mwaka 1998 zamtaka aikaguze mitambo yake ya gesi kila miezi 12 na kumpa mpangaji hati yake. Twasikia wengine hunyamaza mwezi mzima katika baridi wakiogopa kufukuzwa, au wakidhani ni fadhili wanayoomba. Andikeni barua, mtie tarehe, mweke nakala.

Nchi nyingine twazipita kwa haraka. Ujerumani nyumba nyingi za kupanga hupashwa na boila moja kubwa iliyo chini ya jengo, na mpangaji haigusi, bali humwambia mtunza jengo. Copenhagen karibu nyumba zote hupata maji ya moto kwa mabomba ya mji. Marekani nyumba nyingi hupashwa kwa hewa ya moto, wala hazina maji ya kuzunguka. Zilizo nayo hupima kwa ratili juu ya inchi ya mraba, na nyumba ya orofa mbili huanza na 12 hivi ikiwa baridi, na vali yake ya usalama hufunguka kwa 30. Majengo ya zamani ya New York hutumia mvuke, na mambo ya mvuke ni mengine kabisa. Hata Uingereza ziko nyumba za zamani zenye tangi la maji darini na boya lake. Hizo hujijaza zenyewe, basi mtu asisumbuke kuitafuta geji isiyokuwako.

Mwisho, kabla ya kumwita fundi, mwandikieni katika karatasi: mshale ulisimama wapi asubuhi mtambo ukiwa baridi, ulifika wapi baada ya moto kuwaka saa moja, ni mara ngapi mmejaza tangu mwezi uliopita, na kama kibomba cha nje kilikuwa kikavu au kimelowa. Akizipata habari hizo nne kwa simu, atajua vifaa gani avichukue, na hatawatoza safari mbili.